Mwalimu, mchoro huu ni wa nani? Namna ya kufundisha hakimiliki na "matumizi ya haki" kuanzia P6 hadi S2

Je, unafundisha P6, P7, S1 au S2 katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda? Basi huenda umeshapokea kazi ya mradi iliyoandikwa vizuri kupita kiasi, yenye picha tano za rangi, na mwishoni maneno mawili tu: "Chanzo: Google". Na huenda wewe mwenyewe umewahi kusimama mbele ya duka la fotokopi, mkononi una kitabu kimoja cha darasa zima, ukajiuliza kama unachotaka kufanya kinaruhusiwa.

Mambo hayo mawili yanatoka katika somo moja, na somo hilo ni hakimiliki. Wenzetu waliosoma Kongo au Burundi wanaijua kwa jina la droit d'auteur. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza hapa Uganda mwaka 2020, mwanafunzi anatakiwa kufanya miradi, si kukariri peke yake. Anatafuta habari, anachukua picha, anaandika kwa maneno yake. Kwa hiyo swali la "hiki ni cha nani?" limeshaingia darasani, hata kama halipo kwenye ratiba.

Makala hii ni kwa ajili yako mwalimu, na pia kwa mzazi au kiongozi wa kikundi cha vijana. Huhitaji kompyuta wala intaneti ili kufundisha mambo haya. Unahitaji karatasi, penseli na kipindi kimoja au viwili.

Anza na kitu walichokifanya wenyewe

Walimu wengi wakifika kwenye somo hili wanaanza na makatazo: usinakili, usipakue, usiibe. Watoto wanaandika kwenye daftari, kisha wanasahau. Mtoto ambaye hajawahi kufikiri kwamba yeye mwenyewe ana kitu cha kuibiwa, hawezi kuelewa kwa nini mtunzi wa mbali analalamika.

Jaribu hivi. Kata kila karatasi vipande vinne, kila mtoto apate kipande kimoja. Waambie wachore njia wanayopita kutoka nyumbani hadi bomba la maji, na waandike jina juu. Wape dakika kumi. Halafu kusanya michoro yote, igawe upya ovyo ovyo, na useme: "Futa jina ulilolikuta, andika la kwako."

Jiandae kwa kelele. Wapo watakaocheka, na wapo watakaosimama kutafuta mchoro wao uko kwa nani. Usiwanyamazishe haraka, maana kelele hiyo ndiyo mwanzo wa somo. Rudisha michoro kwa wenyewe, kisha uliza maswali haya, moja baada ya jingine, na uandike majibu ubaoni:

Rafiki yako akiuangalia mchoro wako ili ajifunze kuchora barabara, utakasirika? Mwalimu akiubandika ukutani pamoja na jina lako, je? Akiubandika bila jina? Mtu wa gazeti akionyesha sehemu ndogo ya mchoro wako ili aeleze shida ya maji, akasema umechorwa na nani? Na mfanyabiashara akiuchapa kwenye fulana, akaziuza sokoni, asikupe hata shilingi?

Utaona kwamba majibu ya watoto hayako mbali sana na sheria. Kujifunza, ndiyo. Kuonyesha na kutaja jina, ndiyo. Kuficha jina, hapana. Kuuza bila ruhusa, hapana kabisa. Bila kujua, wameshatengeneza kanuni za "matumizi ya haki", yaani matumizi ambayo sheria inayakubali hata kama mtunzi hakuombwa ruhusa. Kuanzia hapo, kazi yako ni kuwaonyesha kwamba kanuni ile ile waliyoitaka kwa michoro yao ndiyo wanayotakiwa kuifuata kwa kitabu, wimbo na picha ya mtu mwingine.

Sheria ya Uganda inasema nini?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006. Inalinda maandishi, nyimbo, michezo ya kuigiza, michoro, picha za kupigwa, filamu na hata programu za kompyuta. Ulinzi unaanza pale kazi inapokuwa imetengenezwa: imeandikwa, imechorwa, imerekodiwa. Si lazima kuisajili, wala kulipa, wala kuweka ile alama ya herufi C ndani ya duara. Mchoro wa bomba la maji ulilindwa tangu mtoto alipoinua penseli.

Wazo peke yake halilindwi. Ukiwaza kuandika hadithi ya mvulana aliyepotea sokoni, mwingine naye anaweza kuandika ya kwake juu ya mvulana aliyepotea sokoni. Kinacholindwa ni namna wewe ulivyoieleza. Vivyo hivyo hadithi ya sungura na fisi uliyoipokea kwa bibi si mali ya mtu mmoja, lakini maneno uliyoyachagua na picha ulizozichora ni vyako. Habari za siku, kama ile kwamba daraja limevunjika, nazo hazina mwenyewe. Maandishi ya sheria za nchi pia yako wazi kwa wote.

Kwa kazi nyingi za maandishi na sanaa, haki ya kupata faida inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, muda kwa mashairi yake umepita hapa Uganda, na darasa linaweza kuyanakili na kuyaigiza. Lakini mwanafunzi akichukua shairi lake na kuandika jina lake mwenyewe chini, bado amefanya kosa. Hajavunja hakimiliki ya mtu aliye hai. Amedanganya kuhusu nani alitunga, na shuleni hilo ni kosa kubwa. Watoto huchanganya mambo haya mawili kila mara. Chukua muda kuyatenganisha.

Je, mkimbizi naye analindwa?

Swali hili litaulizwa, labda si kwa sauti. Kuna mtoto atakayefikiri kwamba haki ni za wenye uraia.

Jibu ni ndiyo, na limeandikwa wazi. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kinahusu jambo hili hili: mkimbizi anapata, katika nchi anakoishi kwa kawaida, ulinzi sawa na ule wa raia kwa kazi zake za maandishi, za sanaa na za kisayansi. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976. Huwa tunausikia mkataba huu tunapozungumzia kurudishwa kwa nguvu au vitambulisho. Wachache kati yetu tumeambiwa kwamba ndani yake kuna kifungu kinachomlinda mtu aliyetunga wimbo.

Soma kifungu hicho darasani, kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Mimi ningekiandika kwenye manila na kukibandika ukutani.

Kitabu kimoja, watoto 80

Sasa turudi kwenye duka la fotokopi. Walimu wengine wanaogopa sana hata kunakili ukurasa mmoja. Wengine hawajali, wananakili kitabu kizima na kukiuza kwa wanafunzi. Sheria iko katikati.

Sheria ya Uganda inaruhusu kazi iliyochapishwa itumike kwa ajili ya kufundisha, kwa kiasi kinachohitajika na somo lenyewe, mradi matumizi ni ya uungwana na mtunzi anatajwa. Inaruhusu pia kunukuu sehemu ya kazi ya mtu ndani ya kazi yako, kutengeneza nakala kwa matumizi binafsi, na kuandika kazi kwa nukta nundu kwa ajili ya elimu ya wasioona. Ili kupima kama matumizi ni ya haki, kuna mambo manne ya kuangalia. Kwa maneno ya darasani ni haya: Unaitumia kwa nini, kufundisha au kutafuta pesa? Ni kazi ya aina gani? Umechukua kiasi gani, na je, umechukua ile sehemu ambayo ndiyo roho ya kazi? Na mwisho, je, mwenye kazi atapoteza mauzo kwa sababu yako?

Swali la nne ndilo linaloamua mara nyingi, kwa hiyo nakaa nalo kidogo. Tuseme una kitabu cha sayansi cha P7. Unanakili mchoro wa moyo na aya mbili, unawagawia watoto, chini umeandika jina la kitabu na mwandishi. Hakuna mzazi ambaye angekinunua kitabu kile kwa ajili ya mchoro mmoja tu. Mwandishi hajapoteza kitu. Hapo uko salama. Sasa tuseme unanakili kurasa zote 120, unazifunga vizuri, na kila mtoto analipa. Kila nakala uliyouza ni kitabu ambacho mwandishi hakuuza. Jina lake ukilitaja mara mia, bado umemchukulia soko lake.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna mingi isiyo na jibu rahisi. Sura nzima je? Ukweli ni kwamba sheria haikuweka idadi ya kurasa. Utasikia watu wakisema "asilimia 10 inaruhusiwa" au "sekunde 30 za wimbo hazina shida". Namba hizo hazimo katika sheria ya Uganda. Unapima kwa maswali manne, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana. Waache wanafunzi wa S2 wabishane juu ya sura nzima. Ni mjadala mzuri wa darasa. Kwa shule inayotaka kunakili mara kwa mara na kwa wingi, kuna chama kinachotoa leseni za fotokopi kwa niaba ya waandishi na wachapishaji, kinaitwa Uganda Reproduction Rights Organisation. Mwalimu mkuu anaweza kuwasiliana nacho.

Mara nyingine huhitaji kuhangaika kabisa, kwa sababu zipo kazi ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni huria. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na uliojaribiwa pia hapa Uganda, una hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unaweza kuzipakua, kuzichapa, kuzitafsiri kwa Kibembe au Kinyabwisha, mradi utaje walioziandika na kuzichora. Maandishi ya Wikipedia nayo yako hivyo. Shule yenye kompyuta bila intaneti inaweza kutumia Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ndani ya mashine. Angalia tu masharti ya kila kazi, maana leseni nyingine zinakataza kuuza.

"Chanzo: Google"

Waambie wanafunzi kwamba Google haikuandika kitu hicho. Google ni kama mtu aliyekuelekeza kwenye duka. Huwezi kusema sukari imetoka kwa aliyekuelekeza. Mwanafunzi abonyeze, afike kwenye ukurasa wenyewe, aandike: nani aliandika au alipiga picha, kazi inaitwaje, iko kwenye tovuti gani, na tarehe aliyoisoma. Kama jina la mwandishi halipo, aandike jina la shirika au tovuti.

Hilo ni sharti la kwanza, lakini peke yake halitoshi. Kutaja jina hakubadilishi fotokopi ya kitabu kizima kuwa halali, kama tulivyoona. Pia mfundishe mwanafunzi kusoma aya, kufunga simu, na kuandika alichokielewa kwa maneno yake. Ni vigumu, hasa kwa mtoto anayesoma kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Mruhusu aandike kwanza kwa lugha anayoiweza, kisha atafsiri. Mara nyingi mtoto ananakili kwa sababu lugha imemshinda, si kwa uvivu.

Video ya kikundi iliyonyamazishwa

Kikundi cha vijana kinacheza ngoma, kinarekodi kwa simu, kinatumia wimbo wa msanii maarufu, kinapandisha YouTube. Baada ya muda video haina sauti, au haionekani. Vijana wanasema wameonewa kwa sababu ni wakimbizi.

Waeleze jinsi mambo yanavyokwenda. YouTube ina mfumo wa mashine unaoitwa Content ID. Unalinganisha sauti ya video yako na nyimbo ambazo wenyewe wameziorodhesha. Ukikuta zinafanana, mwenye wimbo anaweza kuifunga video, au kuiacha na kuchukua pesa za matangazo. Mashine haijui wewe ni nani wala haijui ulikuwa unafundisha. Si mahakama. Onyo rasmi la hakimiliki ni jambo jingine na ni zito zaidi: ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90, akaunti inaweza kufungwa.

Kuandika chini ya video "sina haki za wimbo huu" hakusaidii chochote. Ni sawa na kupanda baiskeli ya jirani huku umeifunga kibao kinachosema si yako.

Vijana wajue pia kwamba wimbo una haki za aina mbili. Kuna haki ya aliyetunga maneno na sauti, na kuna haki ya aliyeimba na aliyeurekodi, ndiyo hiyo sheria inayoiita "haki jirani". Kwa hiyo mkiupiga wimbo wenyewe kwa gitaa lenu, rekodi ya msanii hamkuigusa, lakini utunzi wake mmeutumia. Njia iliyo safi kwa kikundi ni kutunga wimbo wake. Na kama mnachukua biti iliyoandikwa "ya bure", someni masharti: mara nyingi ni ya bure mpaka mtakapoanza kupata pesa.

Mgeni akija na kamera

Sehemu hii usiiache mwisho wa kipindi ikakosa muda, maana hapa watoto wetu ndio wanaopoteza.

Wageni wanakuja shuleni. Wanapiga picha, wanarekodi kwaya, wanaomba michoro ya watoto kwa ajili ya ripoti au kalenda. Wengi wana nia njema. Lakini mtoto akitoa mchoro, ametoa karatasi. Haki ya kuuchapa na kuuza haikuhama kwa sababu karatasi imehama. Anayetaka kuuchapa aombe ruhusa, na aeleze utatumika wapi, kwa muda gani, na kama jina la mtoto litaandikwa au litafichwa kwa usalama wake.

Picha ya kupigwa ni kinyume na wengi wanavyodhani. Hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyebonyeza kamera, si ya aliye ndani ya picha. Hata hivyo, mtoto na mzazi wana ulinzi mwingine: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya habari binafsi za mtoto. Mzazi ana haki ya kusema hapana.

Vijana wanaolipwa wawe makini zaidi. Shirika likikuagiza uchore ukuta wa kliniki na kukulipa, sheria ya Uganda inasema hakimiliki ni ya aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana tofauti. Kwa hiyo ongea kabla ya kuanza kuchora. Unaweza kuomba mkataba useme kwamba mchoro unabaki wako na wao wanautumia, au angalau kwamba unaweza kuuonyesha unapotafuta kazi nyingine. Haki moja haiuzwi kwa hali yoyote, nayo ni haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyetengeneza. Omba jina lako liandikwe kwenye kona ya ukuta.

Kazi ikifanywa na kikundi, kama wimbo wa darasa, ni ya wote waliotunga. Mmoja asiutoe peke yake. Andikeni majina siku ile ile, kabla wimbo haujapendwa, kwa sababu ukishapendwa watunzi wataongezeka.

Ushahidi ukae wapi?

Kusajili si lazima, lakini kunasaidia pale mtu anapobisha. Usajili wa hakimiliki unafanywa na Uganda Registration Services Bureau, yaani URSB. Uliza gharama kwao moja kwa moja kabla hujampa mtu yeyote pesa akufanyie.

Kwa kazi za kila siku za wanafunzi, shule inaweza kuanza na daftari moja kubwa la jalada gumu. Andikeni tarehe, jina la mtoto, jina la kazi, maelezo mafupi, na sahihi ya mwalimu. Mchoro upigwe picha kwa simu kabla haujatoka shuleni. Mgeni akichukua kazi, andikeni kwenye mstari huo huo ni nani, anatoka shirika gani, na ameruhusiwa kufanya nini, naye atie sahihi. Daftari likae ofisini kwa mwalimu mkuu, si nyumbani kwa mtu, ili mwalimu akihamishwa libaki shuleni.